Kisumu na Ufuo Wake

Mazungumzo ya leo ni kuhusu ufuo wa ziwa katika jiji la Kisumu: ulivyoachwa ukachakaa, na namna unavyoweza kutengenezwa upya ili kila mtu apate kuutumia na ziwa lenyewe libaki hai. Kisumu ni mbali na Meru, lakini omena wanaopimwa kwa kikombe katika masoko ya huku walivuliwa ziwani kule. Kwa hiyo asiwepo msikilizaji wa kusema hayo ni ya Wakisumu wenyewe.

Maji kwanza. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu ya Kenya ni ndogo tu, asilimia sita hivi. Tena Kisumu haikukaa kwenye ziwa kuu. Iko mwisho kabisa wa Ghuba ya Winam, mkono mrefu wa maji unaoungana na ziwa kuu kwa mlango mwembamba karibu na kisiwa cha Rusinga. Ghuba hiyo ina kina kifupi na maji yake hayabadiliki upesi. Uchafu unaotupwa kwenye mto mkubwa huchukuliwa ukaenda zake. Unaotupwa Kisumu hukaa Kisumu. Msikilizaji alishike hilo, maana mengi yanayofuata yanatokana nalo.

Sasa, ilikuwaje mji uliojengwa kando ya maji ukayapa maji mgongo? Jibu ni reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na tarehe 20 Desemba 1901 ikafika ziwani, mahali palipopewa jina la Port Florence, jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli, ambalo halikudumu. Hata kabla ya reli kufika, meli ya William Mackinnon, iliyoletwa ikiwa vipande vipande, ilikuwa imekwisha kuunganishwa na kushushwa majini mwaka 1900. Ardhi yote nzuri iliyokaribia maji ikapewa kazi: stesheni, magati, karakana ya meli, maghala, na baadaye matangi ya mafuta. Mji wa maduka na ofisi ukajengwa nyuma ya reli, juu kidogo. Mwananchi wa kawaida alifika majini akiwa kibarua wa bandari au abiria mwenye tiketi. Kukaa tu, kupunga upepo, kutazama jua likizama: hayo hayakuwekwa kwenye ramani ya mtu yeyote.

Kwa miaka mingi mpango huo ulikuwa na maana yake. Meli zilikwenda Mwanza, Bukoba na Port Bell, na bandari ililisha mji. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na meli zake na mipaka yake, na biashara ya ziwani ikapungua. Magugumaji ya miaka ya 1990 yakamalizia kazi. Reli ikaota nyasi, maghala yakafungwa, ua wa bandari ukabomoka hapa na pale. Ufuo ukawa mali ya serikali kwenye karatasi na mali ya yeyote aliyefika kwanza pale chini.

Na hapa pana jambo ambalo wachoraji wa ramani hulisahau mara nyingi: ufuo ulioachwa si ufuo mtupu. Watu huingia. Kisumu waliingia mama samaki, waosha magari, wavuvi, mafundi wa mitumbwi, wapiga picha na wauza maji.

Mahali palipovuma zaidi paliitwa Lwang'ni. Palikuwa na mabanda ya mabati yaliyopangana kando ya maji, kila moja likiwa na jiko lake la moto na jina lake la kujisifu. Mteja aliingia, akachagua ngege kwa macho, akanawa mikono, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Muda si mrefu samaki aliletwa mzima, kichwa na mkia, amekaangwa hadi mapezi yakavunjika kama kaukau, pamoja na ugali, sukuma wiki na kachumbari. Wakati anakula, gari lake lilikuwa limeteremshwa ndani ya ziwa hadi magurudumu yakazama nusu, na vijana wakalisugua kwa sabuni. Povu na oili vilielea taratibu kandokando ya ufuo, na hatua chache tu kutoka hapo mwenye banda alichota maji ya kuoshea sahani.

Waosha magari hao wana historia yao katika vitabu vya udaktari. Kwa kuwa walisimama majini kutwa nzima, walipata kichocho, ugonjwa unaoletwa na vijidudu vinavyokulia ndani ya konokono wa maji na kupenya ngozi ya mtu. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao kutoka Marekani waliwafuatilia kwa miaka mingi. Wanaume hao walipewa dawa, wakapona, wakarudi majini kazini, wakaambukizwa tena. Je, hapo tiba ni kidonge peke yake? Tiba ni pia bomba la maji lililoletwa nchi kavu, sakafu ya saruji na shimo la kunasa oili kabla maji hayajarudi ziwani. Muosha magari abaki na kazi yake, miguu yake itoke majini. Huo ndio usanifu wa ufuo, ingawa hauonekani vizuri kwenye picha za rangi zinazobandikwa ukutani siku ya uzinduzi.

Turudi kwenye maji, maana kosa kubwa la miradi ya namna hii ni kuanzia kwenye vigae. Linajengwa jukwaa, zinawekwa taa na benchi, mawe ya rangi mbili yanapangwa kwa ustadi, halafu harufu inamfukuza mgeni kabla hajakaa. Ufuo wa Kisumu hautengenezwi ufuoni. Hutengenezwa kwanza kwenye mabomba ya mitaa ya Obunga, Manyatta na Nyalenda, na kwenye mashamba yaliyo juu milimani.

Mto Kisat hupita pembeni mwa mji na kupokea maji yanayotoka kwenye kituo cha kusafishia maji taka, kisha huingia ziwani karibu na bandari. Kituo kikizidiwa, mto hubeba kile ambacho kituo hakikuweza kusafisha. Upande wa kusini, Mto Auji hupita katikati ya mitaa iliyosongamana ambayo nyumba zake nyingi hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Mvua ikinyesha, vyoo vya shimo hufurika na vyote huteremka kuelekea kinamasi cha Dunga. Mbali zaidi kuna Mto Nyando, unaoteremka kutoka vilima vya Nandi na Kericho ukiwa mwekundu kwa udongo. Mkulima wa viazi wa Kiirua, huku Meru, anaijua hesabu hiyo: shamba la mteremkoni lisilo na makinga maji hupoteza udongo wa juu, ule wenye rutuba. Swali ambalo huenda hajajiuliza ni rutuba hiyo inakwenda kulisha nini huko chini.

Inalisha magugumaji. Mmea huo wenye ua zuri la zambarau ni wa asili ya Amerika Kusini. Ulionekana katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ukaijaza Ghuba ya Winam. Mwaka 1998 ulikuwa umefunika takriban hekta 17,000 za maji ya Kenya. Mitumbwi ilikwama, meli zilishindwa kutia gati, na mbu na konokono wakapata makao. Zikaletwa mashine za kukata, na kuanzia mwaka 1997 wakaachiliwa fukusi wadogo wanaokula mmea huo peke yake. Fukusi walifanya kazi kubwa kuliko mashine: kufikia mwaka 2000 au karibu na hapo, maji yalikuwa yameonekana tena. Watu walishangilia. Lakini mvua kubwa za mwaka 2006 na 2007 zikaleta udongo na mbolea nyingine, na magugumaji yakarudi. Yamekuwa yakija na kuondoka tangu hapo, kadiri upepo na rutuba vinavyoruhusu.

Kwa hiyo anayetaka ufuo safi Kisumu ana kazi mbili zisizo na utepe wa kukata: kuunganisha nyumba za mitaa ya mabondeni na mfumo wa maji taka, na kuwasaidia wakulima wa Nyando kushika udongo wao. Hakuna kiongozi anayepigwa picha akizindua bomba la chini ya ardhi, na huenda hiyo ndiyo sababu kazi yenyewe huenda polepole. Jukwaa lililojengwa kabla ya mabomba ni jukwaa la kutazamia magugu.

Baada ya maji, ardhi. Ufuo ni wa nani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, inasema kwamba mito, maziwa na maji mengine yote kama hayo ni ardhi ya umma. Serikali ya kitaifa huishikilia kwa niaba ya wananchi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi huisimamia. Kwenye karatasi, basi, jambo ni rahisi. Pale chini, si rahisi hata kidogo. Kipande kimoja ni cha Shirika la Reli, kingine cha bandari, kingine cha Hifadhi ya Swala inayotunza wanyamapori, vingine vimekodishwa kwa hoteli na vilabu tangu enzi za ukoloni au vilipatikana baadaye kwa njia ambazo wenyeji huzizungumza kwa sauti ya chini. Serikali ya kaunti, ambayo wananchi huidai ufuo mzuri, haimiliki sehemu kubwa ya ufuo huo. Nayo mamlaka ya mazingira, Nema, ina kanuni zake za mwaka 2009 za kulinda kingo za mito na maziwa.

Kisha ziwa lenyewe halitulii mahali pamoja. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 lilipanda zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 lilishuka sana hadi maeneo mapana yakawa nchi kavu. Mwezi Mei 2020 likapanda tena hadi kuipita rekodi ya mwaka 1964, kwa vipimo vinavyosomwa kule Jinja, Uganda, mahali maji ya ziwa yanapoanza safari ya Nile. Aliyejenga baa mwaka 2006 kwenye nchi kavu alijikuta mwaka 2020 akihudumia samaki wazima, wanaoogelea chini ya meza. Hasara hiyo haikutokana na laana. Mpaka ulipimwa mwaka wa ukame, na mwenye kupima akadhani ziwa limeondoka kabisa. Mpaka wa kujengea unapaswa kuhesabiwa kutoka mahali maji yalipofika mwaka yalipopanda kuliko yote.

Kisumu si mji wa kwanza kugombea ufuo na reli. Mjini Chicago, Marekani, kando ya Ziwa Michigan, bunge la jimbo la Illinois mwaka 1869 liliipa kampuni ya reli ya Illinois Central sehemu kubwa ya sakafu ya ziwa mbele ya mji. Miaka minne baadaye bunge hilo hilo likajuta, likaifuta sheria. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1892 majaji wakaamua kwamba sakafu ya ziwa hushikiliwa na serikali kwa niaba ya umma, na haiwezi kugawiwa jumla jumla kama kiwanja cha mtu binafsi. Wakati huo huo mfanyabiashara mmoja wa mjini, Montgomery Ward, alianza mwaka 1890 kuwashtaki wakubwa wa jiji kila walipotaka kujenga majumba kwenye uwanja wa wazi ulio mbele ya ziwa. Aliendelea kwa miaka ishirini hivi, akachukiwa na wengi, akashinda. Uwanja huo leo ni bustani ya kila mtu. Wanaosoma Kifungu cha 62 kwa makini wataona kwamba Wakenya wana silaha nzuri kuliko aliyokuwa nayo Ward. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda nayo mahakamani mara ya pili, ya tatu na ya nne.

Sasa tufike kwa watu, na hapa pana uchungu. Mwaka 2019, katika maandalizi ya kuifufua bandari ya Kisumu, mabanda ya Lwang'ni yalibomolewa. Bandari ilikuwa na haki ya ardhi yake, na mji unaihitaji bandari inayofanya kazi. Lakini mwenye banda aliyeondolewa kwa tingatinga hakupotea hewani. Alihamia kando ya barabara, au kwenye kipande kingine cha ufuo, bila maji, bila choo, akaanza upya uchafu ule ule mbele kidogo. Kubomoa kabla ya kuandaa mahali pengine ni njia ghali ya kulihamisha tatizo.

Je, kuna mahali wachuuzi walibaki na ufuo ukapendeza? Papo, na si mbali. Bustani ya Forodhani mjini Unguja, mbele ya Mji Mkongwe, ilikuwa imechoka: taa zimekufa, ukuta wa bahari unaliwa, mifereji imeziba. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni uliitengeneza upya na bustani ikafunguliwa tena mwaka 2009. Ukuta ulijengwa upya, miti ya kivuli ikatunzwa, taa na mifereji ikawekwa, na wauza pweza, mishikaki na urojo wakarudi kwenye sehemu yao jioni, wakiwa na utaratibu. Yapo malalamiko, kama kila mahali penye wachuuzi na kodi. Hata hivyo mtoto wa mitaa ya Ng'ambo asiye na senti anaketi ukutani pale pale mgeni wa hoteli anapoketi, na vijana huruka kutoka ukutani hadi baharini bila kumwomba mtu ruhusa.

Mama samaki wa Kisumu anahitaji nini hasa? Anahitaji meza ya kupaa samaki yenye maji safi yanayotiririka. Anahitaji pipa lenye kifuniko la magamba na matumbo, linaloondolewa kila siku kabla nzi hawajaitana. Anahitaji barafu, jiko lenye bomba la kutoa moshi juu, kivuli, choo kilicho karibu, na taa ya kumwezesha kufunga saa nne za usiku bila hofu. Orodha hiyo haina kitu cha ajabu. Ingeweza kuandikwa na mama samaki yeyote ndani ya dakika tano, kama angeulizwa. Katiba inataka aulizwe. Ushirikishwaji wa umma umeandikwa katika Kifungu cha 10. Lakini mkutano unaoitwa saa tatu asubuhi siku ya kazi, katika hoteli, kwa lugha ya wahandisi, haumpati. Saa hiyo yeye yuko ufuoni akingoja mitumbwi.

Dunga, kusini mwa jiji, inaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kwenda. Ni ufuo wa wavuvi wenye kikundi chao cha usimamizi, kwa utaratibu uliowekwa na kanuni za uvuvi za mwaka 2007. Mitumbwi hufika asubuhi, samaki huuzwa papo hapo, na pembeni vijana wa mahali hapo huwaongoza wageni kutazama ndege katika kinamasi cha mafunjo. Ilijengwa njia ya mbao inayoingia ndani ya mafunjo ili mgeni aone bila kukanyaga. Watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno na Jaramogi Oginga Odinga, pamoja na wenzao kutoka Sweden, walifanya kazi na wenyeji hapo kwa miaka kadhaa. Si paradiso. Maji ya mwaka 2020 yaliingia hadi kwenye mabanda, na Mto Auji bado unaleta uchafu uliokwisha kutajwa. Lakini pale mvuvi, mwongoza wageni na msusi wa mikeka ya mafunjo kila mmoja ana sababu ya kutoruhusu kinamasi kifukiwe.

Na mafunjo hayo si pambo. Mizizi yake hunasa tope na kunyonya mbolea kabla haijafika ziwani. Ndani yake samaki wadogo hujificha, na wako ndege ambao hawaishi mahali pengine ila kwenye mafunjo. Mhandisi anayependa ukuta wa saruji kila mahali aambiwe hivyo. Ukuta unafaa bandarini. Kwingine ukingo wa mteremko wenye mimea hupokea mawimbi vizuri zaidi, na ziwa likipanda mita moja hautahitaji kujengwa upya. Gati za mitumbwi ziwe za kuelea, zipande na maji na zishuke nayo. Vyoo, majiko na nyaya za umeme vikae juu ya alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika.

Kuna pia wenyeji wengine wasioalikwa kwenye mikutano. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, hasa karibu na mahali panapoitwa Hippo Point. Bustani ya nyasi laini kando ya maji, yenye taa hafifu na wapenzi wawili kwenye benchi, kwa kiboko ni meza iliyoandaliwa. Njia za usiku ziwe mbali kidogo na maji, na mapito ya viboko yaachwe wazi bila kuzibwa kwa ukuta, maana kiboko aliyezibiwa njia hugeuka kuwa msiba.

Kinachokosekana zaidi, pengine, ni mfululizo. Mtu anayetaka kutembea kwa miguu kutoka bandarini, apite Hifadhi ya Swala, afike Hippo Point hadi Dunga, hukatishwa na ua baada ya ua na kurudishwa barabarani kati ya matatu na boda boda. Jiji lilipoandaa mkutano wa Africities mwezi Mei 2022, barabara za katikati ya mji zilipata njia nzuri za waenda kwa miguu. Ufuo unastahili njia ya namna hiyo, hata kama ni ya changarawe tu, upana wa kupishana kiti cha magurudumu na baiskeli. Hoteli zibaki na bustani zao, lakini ukanda wa mbele, unaogusa maji, upitike. Njia isiyokatika huwa na watu saa zote, na penye watu pana usalama kuliko penye askari mmoja na rungu.

Msikilizaji wa Meru atauliza, je, sisi tusio na jiji la ziwani? Ndani ya Msitu wa Imenti, si mbali na Kiirua, liko Ziwa Nkunga, ziwa dogo la kreta ambalo Wameru wamelipa heshima tangu jadi, na ambalo ndovu hulifikia kunywa maji. Mara kwa mara husikika mazungumzo ya kulifanya kivutio. Nkunga lisipelekewe mpango wa Kisumu hata kidogo. Ufuo wa jiji unatafuta watu. Ziwa la msituni linataka nafasi. Kijia kimoja, mwongozaji wa kijijini, mahali pa kuketi palipo mbali na maji, na miche ya miti ya kienyeji kwenye mteremko unaozunguka: zaidi ya hapo ni kuliharibu. Yaliyo ya Kisumu yanafaa zaidi kwa kingo za mito inayopita kwenye masoko yetu, kule takataka za mboga na mifuko ya plastiki zinakotupwa jioni soko likifungwa.

Limebaki suala la fedha, na ndilo linaloua miradi mingi. Kaunti ya Kisumu iliunda shirika maalumu la kuendeleza ufuo, na wazo si baya, kwani mtu mmoja anapaswa kujibu simu. Hatari yake ni kwamba shirika lolote hutaka mapato, na njia nyepesi ya kupata mapato kwenye ufuo ni kukodisha vipande kwa hoteli na kutoza kiingilio kwenye geti. Hifadhi ya Swala ina kiingilio, na ina haki, kwa kuwa pana wanyama wa kutunzwa. Lakini familia ya Nyalenda yenye watoto wanne haiwezi kulipa geti kila Jumapili kuona ziwa lililo mbele ya nyumba yao. Afadhali ada itozwe kwenye kinachomhudumia mwenye fedha: maegesho ya magari, ukumbi wa harusi, mashua za matembezi, kodi ya vibanda vyenye maji na umeme. Kuingia kuwe bure.

Fedha hizo zisiingie kwenye mfuko mkuu wa kaunti zikapotelea huko. Ziwekwe kando kwa ajili ya wafagiaji, watunza miti, balbu za taa na wazoaji wa takataka. Na vyoo. Choo cha umma kikifungwa kwa sababu bomba limepasuka na fundi hajalipwa, ziwa ndilo huwa choo kuanzia siku hiyo. Katika mikataba ya kutunza ufuo, iandikwe wazi ni nani anayeshika ufunguo, nani anayenunua sabuni, na bomba likipasuka Ijumaa jioni linatengenezwa na nani kabla ya Jumamosi, siku ambayo watu huwa wengi kuliko siku zote.